Nepi za kitambaa: Jinsi ya kuzishona na kuzitunza bila kumdhuru mtoto

Mtoto mchanga hubadilishwa nepi mara 10 au hata 12 kwa siku. Mzazi wa mjini anayeona pakiti ya nepi za kutupa ikimalizika kabla ya wiki kwisha hushtuka, na hapo ndipo wazo la nepi za kitambaa linapomjia. Pengine nawe umelifikiria. Pengine mama mkwe wako ameshakuuliza kwa nini unatupa pesa ilhali yeye alilea watoto watano kwa nepi dazeni mbili.

Lakini wazazi wengi huogopa. Wamesikia kwamba kitambaa huleta upele na kwamba mtoto wa kisasa hustahili "pampas", jina ambalo wengi wetu hulitumia kwa nepi yoyote ya kutupa. Wengine wameambiwa kinyume chake, kwamba nepi za kutupa ndizo zinazochoma ngozi.

Katika kazi yangu ya udaktari nimetibu upele wa nepi kwa watoto wa pande zote mbili. Jambo moja hujirudia. Mtoto mwenye upele mbaya huwa amekaa na unyevu au choo kwa muda mrefu. Wapo wazazi wanaoacha nepi moja ya kutupa tangu alfajiri hadi jioni ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Nepi hizo hufyonza mkojo vizuri na kwa nje huonekana kavu, lakini choo hubaki kimegusana na ngozi. Mtoto wa aina hiyo angekuwa na nafuu kubwa akivishwa nepi 10 za kitambaa safi kwa siku.

Hebu chukua kalamu upige hesabu. Nepi 6 za kutupa kwa siku ni nepi 180 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya nepi moja katika duka la mtaani kwenu. Kisha linganisha na gharama ya nepi 24 za kitambaa ambazo, zikitunzwa, zitamfaa mtoto mpaka ajue kutumia poti, na mdogo wake azirithi. Usisahau kuhesabu maji, sabuni na muda wa kufua.

KWA NINI NGOZI HUCHUBUKA

Ngozi iliyolowa hulainika na kuchubuka upesi inaposuguliwa. Mkojo ukichanganyika na choo, bakteria walio katika choo huubadilisha na kutoa amonia. Amonia hiyo hupunguza asidi kidogo iliyo juu ya ngozi ambayo ni kinga yake ya kawaida. Hapo vimeng'enya vya choo, vile vile vinavyosaga chakula tumboni, hupata nguvu na kuanza kuishambulia ngozi ya mtoto.

Kwa hivyo ukitumia kitambaa, badilisha nepi kila inapolowa, na upesi zaidi mtoto anapoenda haja kubwa. Mchana, usipitishe saa mbili au tatu bila kuikagua.

CHAGUA KITAMBAA KINACHOKUNYWA MAJI

Kitambaa kinachofaa ni pamba: taulo, flaneli, au tisheti kuukuu. Huhitaji kununua kipya. Katika masoko ya mitumba kama Gikomba na Toi jijini Nairobi, au Kongowea mjini Mombasa, utapata mataulo na mashuka ya flaneli yaliyokwisha lainika kwa kufuliwa.

Kipime kitambaa kabla ya kulipa. Dondoshea tone la maji. Likizama mara moja, kinafaa. Likibaki juu kama umande kwenye jani la mgomba, huenda kina nailoni au polista nyingi na hakitafyonza mkojo. Lakini pamba mpya nayo huwa na kanji na mafuta ya kiwandani yanayozuia maji, kwa hivyo ifue mara tatu au nne kwa maji moto kabla ya kuikata. Hapo pia itakuwa imekwisha nywea.

Kitambaa chochote, kipya au cha mitumba, kisimguse mtoto kabla ya kufuliwa. Rangi na dawa za kuhifadhia nguo hupenya ngozi changa. Mnamo 1886 daktari mmoja wa Uingereza, Rayner, alieleza jinsi watoto wachanga walivyogeuka rangi ya samawati kwa sababu ya wino uliopigwa muhuri kwenye nepi za hospitali.

JINSI YA KUSHONA

Taulo la kuogea lenye upana wa sentimita 70 na urefu wa sentimita 140 hutoa nepi mbili za mraba. Likate katikati, kunja pindo la sentimita moja, ulishone pande zote. Kama huna cherehani, fundi wa mtaani atakufanyia kazi hiyo kwa muda mfupi, au shona kwa mkono kwa mishono midogo. Kwa mtoto aliyezaliwa majuzi, taulo ni nene mno. Mkatie flaneli ya sentimita 60 kwa 60.

Shona pia vipande vya katikati vya kuongezea unene usiku. Kata tisheti vipande vya sentimita 12 kwa 35, panga vinne juu ya kimoja cha taulo, na uvishone upande mmoja mfupi tu, ili vifunguke kama kurasa za kitabu unapovianika. Ukishona tabaka zote kuzunguka pande nne, utapata kitu kinene kisichokauka msimu wa mvua.

Kata nyuzi zote zinazoning'inia. Uzi mmoja waweza kujifunga kwenye kidole cha mguu au uume wa mtoto na kuzuia damu isipite. Mtoto akilia bila sababu unayoijua, mvue nepi na soksi umkague.

Kuvisha ni rahisi. Kunja mraba uwe pembe tatu, mkunjo mrefu ukae kiunoni. Mlaze mtoto, pitisha ncha katikati ya miguu, lete pembe mbili za kando juu yake na ufunge kwa pini moja ya nepi yenye kichwa cha kufunika ncha. Mkono wako uwe kati ya pini na tumbo la mtoto. Asiyependa pini na ashone kamba pana za kitambaa. Hakikisha vidole vyako viwili vinapita kiunoni. Kama kitovu hakijaanguka, kunja nepi chini yake kisiloweshwe na mkojo. Usimnyooshe miguu na kuibana pamoja. Iache ijikunje na kupanuka kama ya chura, maana hivyo ndivyo viungo vya nyonga hukua vyema.

Suruali ya plastiki ya kuvisha juu ya nepi ina kazi yake mnapokuwa safarini au kwenye matatu, lakini hufungia joto na unyevu. Nyumbani mwache bila hiyo. Usiku waweza kushona kifuniko cha flisi, kile kitambaa laini cha masweta na blanketi za watoto, ambacho hupitisha hewa. Mifuko ya plastiki usiitumie kamwe. Yaweza kumziba mtoto pumzi, na isitoshe ile ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku humu nchini tangu Agosti 2017.

UFUAJI NDIO KAZI YENYEWE

Wapo wanaosema choo cha mtoto anyonyaye hakina uchafu. La hasha. Choo hicho chaweza kubeba viini vya kuhara sawa na cha mtu mzima. Kimwage chooni kwanza, kisha suuza nepi kwa maji baridi. Maji moto hugandisha madoa.

Tenga ndoo moja na beseni moja kwa nepi peke yake. Usifulie nepi katika karai la kuoshea sukuma wiki au vyombo. Ndoo ya kulowekea iwe na kifuniko kinachobana na iwekwe juu, mbali na mtoto. Mtoto anayetambaa aweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita 5.

Fua kwa maji moto na sabuni isiyo na manukato makali. Kisha suuza mpaka maji ya mwisho yasiwe na povu. Mitaa mingi ya Nairobi hupata maji kwa zamu, na hapa ndipo watu hujaribu kubana matumizi. Afadhali ubane katika kuloweka kuliko katika kusuuza. Maji ya mwisho ya kusuuza yatunze uyatumie kulowekea nepi zinazofuata. Sabuni inayobaki huchoma ngozi, na dawa za kulainisha nguo huzuia kitambaa kufyonza.

Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini isimwagwe juu ya nepi zenye mkojo. Ikikutana na amonia hutoa moshi unaodhuru mapafu. Vile vile usiichanganye na siki. Mtoto akiwa anahara au ana upele wa kuvu, chemsha nepi zake katika sufuria iliyotengewa kazi hiyo. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni, na yaya afanye vivyo hivyo.

KUANIKA NA KUHIFADHI

Jua hukausha, huua viini vingi na hufifisha madoa. Usianike nepi chini au juu ya nyasi. Katika sehemu zenye joto na unyevu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi. Mayai huangua mabuu ambao huingia ndani ya ngozi na kuleta majipu. Anika kwenye kamba, acha zikauke kabisa, na uzipige pasi ya moto pande zote mbili, hasa pindo.

Jambo jingine ni la hatari zaidi. Usiweke nepi wala nguo za mtoto pamoja na vidonge vyeupe vya kuzuia nondo. Vingi huwa na naftalini. Baadhi ya watoto huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali iliyo ya kawaida katika maeneo yenye malaria kama Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria. Mtoto wa aina hiyo akivishwa nguo yenye naftalini, chembechembe nyekundu za damu yake huweza kupasuka, akawa manjano na kuishiwa damu. Umanjano ukizidi, ubongo huharibika. Nguo za mtoto zilizorithiwa kutoka kwa jamaa, fua na uzianike juani mpaka harufu iishe yote. Ikigoma kuisha, usimvishe.

NEPI YAKUPA HABARI

Kitambaa cheupe kina faida moja ambayo wazazi wachache huifikiria. Huonyesha kila kitu. Kuanzia siku ya tano au sita, mtoto anayenyonya vya kutosha hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku. Zikipungua, mpeleke akapimwe uzito.

Tazama rangi pia. Mkojo wa mtoto mchanga huwa kama maji. Mkojo wa manjano unaotia nepi doa, au choo cheupe au cha kijivu kama udongo wa mfinyanzi, hasa macho yakiwa manjano, huweza kuwa dalili ya kuziba kwa mirija ya nyongo. Upasuaji wake hufaa zaidi mtoto akiwa hajafikisha siku 60, kwa hivyo usingoje kliniki ya chanjo. Mpeleke siku hiyo hiyo na uende na nepi yenyewe.

UPELE UKITOKEA

Ongeza idadi ya kubadilisha. Msafishe kwa maji ya uvuguvugu, mpanguse taratibu, na umwache wazi kwa muda mara kadhaa kwa siku. Mpake krimu yenye zinki oksaidi au vaselini. Weka kipande cha tisheti juu ya nepi ili mafuta yasiigandamane na kuifanya isifyonze. Poda iache, kwani mtoto huivuta mapafuni.

Upele mwekundu sana unaoingia ndani ya mikunjo ya mapaja, ukiwa na vipele vidogo vilivyotawanyika kando, mara nyingi ni wa kuvu na huhitaji dawa kama nistatini au klotrimazoli. Usinunue ile mirija ya krimu yenye dawa mchanganyiko na steroidi kali, hata kama jirani ameisifu. Chini ya nepi, dawa hiyo hupenya mwilini kwa wingi na kuikondesha ngozi.

Muone daktari ikiwa upele haupungui kwa siku tatu, una malengelenge au usaha, au mtoto ana homa.

Si lazima uchague upande mmoja. Mzazi anayerudi kazini baada ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu aweza kutumia kitambaa nyumbani na nepi ya kutupa safarini. Anza na nepi 6 tu za kitambaa, uone zinavyokauka kwenu wakati wa mvua, kisha ushone nyingine. Na ukiona siku fulani huna nepi safi za kutosha, ni heri umlaze mtoto juu ya leso bila nepi yoyote kuliko kumwacha na iliyolowa.