Je, Wajua? Nani hulipia programu zinazopima mng'aro wa nyota

Je, wajua kwamba Dunia ikikatiza mbele ya Jua, mtu anayetazama kutoka nyota nyingine ataona mwanga wa Jua ukipungua kwa sehemu 84 tu kati ya milioni moja? Chombo cha Kepler, kilichorushwa na Marekani Machi 2009 na kustaafishwa 2018, kilitengenezwa kunasa upungufu mdogo kiasi hicho, na kimetuachia sayari zaidi ya 2,600. Lakini kioo na kamera havikuona sayari hata moja. Vilileta namba. Zilizozichambua namba hizo mpaka sayari zikajitokeza ni programu za kompyuta. Safu ya leo ni ya watu wanaoandika programu za aina hiyo, na ya swali ambalo halipewi nafasi magazetini: nani huwalipa?

Wajua kwamba kipimo chenyewe cha mng'aro kina umri wa karibu miaka elfu mbili? Ptolemy wa Alexandria, katika karne ya 2, alizipanga nyota katika madaraja sita. Daraja la kwanza ni zile zinazowaka sana, la sita ni zile zinazoonekana kwa taabu. Ndiyo maana hadi leo namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu. Mwaka 1856 Norman Pogson, akiwa Oxford, aliutia utaratibu huo hesabu kamili: madaraja matano ni tofauti ya mwanga mara 100. Kwa kipimo hicho Sirius iko −1.46, na Jua −26.7.

Na wajua kwamba kazi ya kupima, ukiivua majina yake makubwa, ni kujumlisha na kutoa? Programu huchora duara kuizunguka nyota kwenye picha, ikajumlisha mwanga wa kila pikseli iliyo ndani. Kisha huchora pete nje ya duara hilo na kupima mwanga wa anga tupu, maana anga la usiku si jeusi kabisa hata jangwani, na kuutoa. Kinachobaki ni mwanga wa nyota. Halafu hurudia hesabu ileile kwa nyota jirani ambayo mng'aro wake unajulikana na haubadiliki, na kuzilinganisha mbili hizo. Wingu jembamba likipita linazififisha zote kwa pamoja, na uwiano wao unabaki palepale. Kabla ya yote hayo kuna usafishaji wa picha: unapiga picha kamera ikiwa imefunikwa, ili ujue kihisi chake kinaongeza kelele kiasi gani, na unapiga nyingine za anga la jioni kabla nyota hazijatoka, ili ujue vumbi limekaa wapi kwenye kioo.

Kila hatua hapo ina uamuzi ndani yake. Duara likiwa dogo, unapoteza mwanga wa nyota. Likiwa kubwa, unaingiza mwanga wa jirani. Pikseli mbovu unaiacha au unaikadiria? Programu iliyofungwa hukupa jibu bila kukuonyesha uamuzi uliofanywa, na mtu wa pili akipata jibu tofauti hamwezi kujua nani kakosea. Programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuugawa, hukuruhusu kufungua na kukagua. Kwa sayansi ya vipimo vidogo kama hivi, mimi naona hilo ni sharti la kwanza kabla hata ya bei.

Duara halifai kila mahali. Ukiitazama Omega Centauri, lile rundo kubwa la nyota linaloonekana vizuri kutoka Afrika Mashariki, nyota zimebanana hata maduara yanalaliana. Mwaka 1987 Peter Stetson, akifanya kazi katika kituo cha Dominion Astrophysical Observatory, Victoria, Kanada, alichapisha maelezo ya DAOPHOT, programu inayojifunza umbo la nyota moja kwenye picha na kulitumia kuzitenganisha nyota zilizolaliana. Iliandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Fortran. Mbinu yake bado inaishi ndani ya programu huria za leo, ikiwemo Photutils.

Wajua kwamba mojawapo ya programu zinazopendwa na wapimaji wa nyota ilizaliwa kwenye utafiti wa tiba? AstroImageJ, iliyoelezwa rasmi 2017 na inayotumiwa sana kufuatilia sayari zinazopita mbele ya nyota zao, imejengwa juu ya ImageJ, programu ya picha za kibayolojia iliyotoka katika taasisi za afya za taifa za Marekani, NIH. Msimbo wa ImageJ uliwekwa mikononi mwa umma, basi waliohitaji kupima nyota hawakuomba ruhusa kwa yeyote. Na Matplotlib, inayochora grafu nyingi za mng'aro unazoziona kwenye majarida ya sayansi, ilianzishwa na John Hunter, mtafiti wa ubongo, kwa ajili ya kuchora ishara za ubongo wa wagonjwa wa kifafa.

Sasa tuingie kwenye fedha.

Wajua kwamba NumPy, maktaba ya hesabu ambayo karibu kila programu ya nyota iliyoandikwa kwa lugha ya Python huitegemea, ilitolewa 2006 lakini ilipata ruzuku yake ya kwanza 2017? Miaka kumi na moja. Katika muda huo ilitumika maabara, benki, viwandani na kwenye vituo vya darubini, na waliokuwa wakiikarabati walifanya hivyo jioni baada ya kazi zao, au kwa kuiba saa kwenye tafiti walizolipiwa. Ruzuku hiyo ya kwanza, dola 645,020, ilitoka kwa wakfu wa Gordon and Betty Moore.

Astropy nayo, mradi ulioanza 2011 ili wanaastronomia waache kuandika upya vifaa vilevile kila mmoja peke yake, ilikaa miaka mitano ikitumiwa karibu kila mahali bila fedha za maana. Mwaka 2016 kundi la watafiti lilichapisha makala yenye jina la wazi kabisa, "The Astropy Problem". Walieleza kwamba programu hiyo ilikuwa imeandikwa karibu yote na watu wa kujitolea, na kwamba waandishi wake hawakupata fedha wala heshima rasmi kazini. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi. Kijana wa shahada ya uzamivu akitumia mwaka mzima kuandika kifaa kitakachotumiwa na maelfu, kamati ya ajira humuuliza: makala zako ziko wapi? Mwaka 2019 wakfu uleule wa Moore uliipa Astropy dola 900,000.

Mwaka huohuo, tarehe 10 Aprili, dunia ilionyeshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi. Picha hiyo ilitegemea Matplotlib na ndugu zake wa Python. Siku tano baadaye, mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani, NSF, ulikataa ombi la kuzifadhili programu hizo, kwa sababu kwamba hazikuwa na athari ya kutosha.

Kwa nini iwe hivi? Ukiomba fedha za darubini, mfadhili ana kitu cha kuzindua. Ukiomba fedha za kurekebisha hitilafu, kuandika maelekezo na kuifanya programu ikubaliane na kompyuta mpya, hakuna utepe wa kukata. Wanakijiji waliowahi kuletewa pampu ya kisima bila fungu la vipuri wanalijua jambo hili kuliko wahasibu wengi wa ruzuku.

Wajua kwamba hata taasisi kubwa huweza kuiachilia programu yake? IRAF ilitengenezwa na kituo cha taifa cha astronomia cha Marekani huko Tucson, Arizona, kuanzia miaka ya 1980, na kwa kizazi kizima ilikuwa ndiyo njia ya kawaida ya kupima nyota. Kituo kilipoacha kuiendeleza, watumiaji wenyewe waliipokea. Mojawapo ya kazi zao ilikuwa kuondoa vipande vya msimbo vilivyotoka kwenye kitabu cha Numerical Recipes, chenye hakimiliki, na kuandika vingine badala yake, ili IRAF iwe huru kweli. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa, na bila hiyo picha za darubini za zamani zingekosa programu iliyozoea kuzisoma.

Kulipwa kidogo kwa kupima nyota hakukuanza na kompyuta. Henrietta Leavitt alianza Harvard kama mtu wa kujitolea, baadaye akalipwa senti 30 kwa saa. Kwa kulinganisha madoa ya nyota kwenye sahani za kioo, aligundua kuwa nyota fulani zinazobadilika mng'aro huchukua muda mrefu zaidi kukamilisha mzunguko wao kadiri zinavyong'aa zaidi. Uhusiano huo, uliochapishwa 1912, ndio uliompa Edwin Hubble njia ya kupima umbali wa galaksi ya Andromeda. Sahani za Harvard zaidi ya 400,000 sasa zimegeuzwa kuwa data za kompyuta, na mtu yeyote anaweza kuchimba humo mng'aro wa nyota kwa zaidi ya karne moja.

Wajua kwamba pwani ya Kenya imo katika historia hii? Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyokusudiwa kupima mng'aro wa anga kwa eksirei tu ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, na wanaastronomia bado huviita kwa alama ya 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru. Orodha hiyo iko wazi kwenye hifadhi ya NASA.

Ufadhili hauji kwa wakubwa peke yao. Nyota ya KIC 8462852, ambayo mwanga wake ulikuwa ukishuka kwa hadi asilimia 22 bila mpangilio, iligunduliwa na watu wa kawaida waliokuwa wakikagua grafu za Kepler kwa kujitolea. Mwaka 2016 ikafanyiwa harambee ya mtandaoni, zikapatikana zaidi ya dola 100,000 za kukodi muda wa darubini za Las Cumbres. Jibu linaloaminiwa zaidi sasa ni vumbi.

Na kuna mfano mmoja wa ruzuku iliyozaa vizuri. Nyota ya Epsilon Aurigae hufunikwa kila baada ya miaka 27, na kufunikwa huko huchukua karibu miaka miwili. Kupatwa kwa 2009 hadi 2011 kulipokaribia, AAVSO, chama cha wapimaji wa nyota kilichoanzishwa Marekani 1911, kilipata fedha za NSF kwa mradi wa Citizen Sky, uliowaalika wananchi kupima na pia kuchambua wenyewe. Mchambuzi wa kawaida hakuwa na kifaa cha kuchambulia, basi kikaandikwa: VStar, programu huria ya Java. Mradi ulikwisha, VStar haikufa. Kwa kuwa leseni yake ni huria, watu waliendelea kuiongezea njia mpya za kutafuta vipindi vya nyota na kusoma data za vyombo vipya. Leo inafungua hazina ya AAVSO yenye vipimo zaidi ya milioni 50, vya mikono ya watu wa nchi nyingi. Fedha za miaka michache zimefanya kazi kwa zaidi ya muongo mmoja, na kupatwa kunakofuata, katika miaka ya 2030, kutakuta kifaa kipo.

Je, wajua kwamba ukisimama Nanyuki, mahali ikweta inapopita, katika mwaka mmoja unaweza kuona karibu nyota zote za kaskazini na za kusini? Na kunapokucha Sydney huku Chile bado ni mchana, hapa kwetu ni usiku mkubwa. Nyota inayobadilika kwa saa chache haisubiri, na kila pengo la usiku lisilo na mpimaji ni kipande kinachokosekana kwenye grafu.

Huhitaji kituo cha serikali ili kuanza. Mwaka 1999 David Charbonneau na wenzake walinasa sayari ikipita mbele ya nyota HD 209458 kwa darubini ya kipenyo cha sentimita 10 tu, huko Colorado. Mradi wa Exoplanet Watch wa NASA una programu huria ya EXOTIC inayofanya kazi ndani ya kivinjari, na asiye na darubini hupewa picha za kuchambua. HOPS ya mradi wa ExoClock, yenye asili yake katika kituo cha Holomon nchini Ugiriki, hufanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, na vipimo vyake husaidia kupanga ratiba ya Ariel, chombo kinachoandaliwa na Ulaya kuchunguza hewa za sayari za mbali.

Wala mchango si lazima uwe dola au msimbo. Anayeripoti hitilafu kwa maelezo kamili humwokolea mtunzaji siku nzima. Maelekezo ya Kiswahili, yaliyoandikwa na mtu aliyeitumia programu mpaka akaielewa, hutumwa kwa njia ileile inayotumika kutuma msimbo, na hukaguliwa na watunzaji walewale.