Mzee Akitoka Chumba cha Upasuaji

Si mara moja wala mbili tumesikia watu wakisema: "Mzee alikuwa na akili zake timamu, nusu kaputi ndiyo iliyomharibu." Tezi imetolewa, jeraha limepona, lakini amerudi nyumbani anauliza jambo lile lile mara tatu na hesabu za duka zinampiga chenga. Wapo hata wanaonong'ona kuwa amerogwa.

Madaktari wanalijua jambo hili siku nyingi. Mwaka 1955 daktari Bedford wa Uingereza aliliandika katika jarida la Lancet. Mwaka 1998 jarida hilo hilo lilitoa uchunguzi wa wagonjwa 1,218 wenye miaka 60 na zaidi. Wiki moja baada ya upasuaji mkubwa, robo yao walikuwa wamepungukiwa kumbukumbu na wepesi wa kufikiri. Baada ya miezi mitatu walibaki kama mmoja katika kumi. Wengi, basi, hurudiwa na hali yao.

Je, kosa ni la nusu kaputi? Uchunguzi wa 2003 uliwalinganisha waliolazwa usingizi na waliotiwa ganzi sehemu tu ya mwili, wakiwa macho. Baada ya miezi mitatu hapakuwa na tofauti ya maana. Siku hizi wataalamu wanatazama zaidi kisu chenyewe: mwili uliojeruhiwa huamsha kinga zake, na vurugu hiyo hufika hadi kwenye ubongo. Ubongo uliokwisha kupata kiharusi, au ulioanza kusahau kimya kimya, huyumba zaidi. Kwa hiyo daktari aambiwe mapema, pamoja na dawa zote anazokunywa mzee, na pombe pia, hata kama ni aibu.

Lingine ni lile la siku za kwanza: mzee hajui alipo, usiku anang'oa dripu, anaita marehemu. Muuguzi aitwe upesi. Huenda ni homa ya mapafu, mkojo ulioziba au maumivu. Apewe miwani yake, atembezwe, aachwe alale usiku. Marekani, mwaka 1999, huduma za namna hiyo kwa wazee waliolazwa zilipunguza kuchanganyikiwa kutoka asilimia 15 hadi karibu 10.

Halafu kuna ndugu ambao wiki hizo hizo ndipo wanapomletea mzee hati ya kiwanja atie dole gumba. Hati hiyo ingoje. Miezi mitatu si mingi.