Viwanda vya Magari Marekani Mwaka 2020: Nani Alikuwa na Haki ya Kusema "Bado"

Tarehe 18 Machi 2020 kampuni tatu kubwa za Detroit, yaani General Motors, Ford na Fiat Chrysler, zilitangaza kusimamisha uzalishaji katika viwanda vyao vyote vya Amerika Kaskazini kwa sababu ya virusi vya korona. Siku moja tu kabla ya hapo zilikuwa zimekubaliana na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kwamba viwanda vifungwe kwa kupokezana, hiki kikisafishwa kile kiendelee na kazi. Makubaliano hayo hayakudumu. Katika kiwanda cha Fiat Chrysler cha Warren, kaskazini mwa Detroit, baadhi ya wafanyakazi waligoma kuendelea na kazi, na wenzao wa Sterling Heights wakafanya vivyo hivyo. Ng'ambo ya mto, mjini Windsor nchini Kanada, wafanyakazi walikuwa wametangulia kuweka zana chini siku kadhaa kabla. Waliovifunga viwanda hivyo, kwa hiyo, ni watu wa kwenye laini. Viongozi wa chama na wakuu wa kampuni walifuata nyuma yao.

Kiwanda cha kuunganisha magari ni mahali pabaya pa kukutana na ugonjwa unaoenezwa kwa pumzi. Gari jipya hupita mbele ya mfanyakazi kila baada ya takriban dakika moja, na katika dakika hiyo watu wawili wanaweza kuwa wameinama ndani ya bodi moja, huyu akiunganisha nyaya, yule akifunga kiti. Zamu zinapobadilishana, maelfu hupishana getini, kwenye vyumba vya kubadilishia nguo na kwenye kantini. Wahasibu, wahandisi wa michoro na mameneja walihamishia kazi nyumbani tangu katikati ya Machi. Anayefunga dashibodi hana namna hiyo. Tofauti hiyo iliutia uchungu mjadala wote uliofuata, kwa kuwa wengi wa waliokuwa wakipanga tarehe za kufungua walizipanga wakiwa sebuleni kwao.

Shinikizo la kufungua lilikuwa la fedha, nalo halikuwa la kubuni. Kampuni za magari za Marekani huandika mapato pale gari linapotoka kiwandani kwenda kwa muuzaji, hata kama mnunuzi wa mwisho hajapatikana. Laini ikisimama, mapato hukauka karibu papo hapo, ilhali riba, pensheni na mishahara ya ofisini inaendelea kudai. Mwezi Aprili 2020 ukosefu wa ajira nchini ulifika asilimia 14.7, na serikali za majimbo zilikuwa zikikodolea macho makusanyo ya kodi yanayoporomoka. Hata kampuni yenye nia njema kabisa ingetaka kurudi kazini mapema. Swali lilikuwa ni nani mwingine, zaidi ya mwenye mali, aliyekuwa na sauti katika uamuzi huo.

UAW ilianzishwa Detroit mwaka 1935, mwaka uleule Bunge la Marekani lilipopitisha sheria iliyowapa wafanyakazi wa sekta binafsi haki ya kujiunga na vyama na kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Kuanzia mwisho wa Desemba 1936 hadi Februari 1937 wanachama wake walijifungia ndani ya viwanda vya General Motors mjini Flint kwa siku 44, wakakataa kufanya kazi na wakakataa kutoka, mpaka kampuni ikakubali kukitambua chama. Kufikia mwaka 1979 kilikuwa na wanachama takriban milioni 1.5. Mwaka 2020 walibaki kama 400,000, na kati yao karibu 150,000 ndio waliofanya kazi katika kampuni tatu za Detroit.

Ni rahisi kudhani kwamba mkataba wa pamoja hukipa chama funguo za kiwanda. Haukipi. Siku ya kufungua na kufunga imebaki kuwa mamlaka ya mwajiri. Kinachotolewa na mkataba ni mambo ya chini zaidi na yenye manufaa zaidi: kamati za usalama zenye wajumbe kutoka pande zote mbili, wawakilishi wanaolipwa kushughulikia malalamiko ndani ya kiwanda, utaratibu wa kupeleka shauri ngazi baada ya ngazi, na haki ya kugoma kwa sababu ya afya na usalama hata mkataba ukiwa bado hai, mradi hatua zote zimepitiwa. Utaratibu huo ni wa polepole. Ndiyo maana wafanyakazi wa Warren hawakuungoja.

Aprili 2020 kampuni zilianza kutaja mwanzoni mwa Mei kama wakati wa kurudi. Rory Gamble, rais wa UAW wa wakati huo, akatoa tamko tarehe 23 Aprili kwamba ni mapema mno na ni hatari mno. Uzito wa tamko hilo haukuwa wa kisheria. Kaunti ya Wayne, ambamo Detroit imo, ilikuwa kati ya maeneo yaliyopigwa vibaya zaidi nchini, jamii ya Weusi ikibeba sehemu kubwa ya vifo, na kufikia Mei zaidi ya wanachama 20 wa UAW wa kampuni tatu walikuwa wamekufa kwa virusi vya korona. Hakuna mkuu wa kampuni aliyetaka kuonekana akiwasukuma watu getini huku chama chao kikipaza sauti. Gavana wa Michigan, Gretchen Whitmer, aliruhusu viwanda vianze tena kuanzia tarehe 11 Mei, na kampuni tatu zikafungua tarehe 18 Mei. Wakati huohuo Mexico, inakotoka shehena kubwa ya vipuri, nayo iliingiza utengenezaji wa magari katika orodha ya shughuli za lazima; bila mikanda, viti na nyaya za Ciudad Juárez, laini ya Michigan haiendi popote.

Wafanyakazi walirudi katika kiwanda kilichobadilika. Kabla ya kuingia, kila mmoja alijibu maswali kuhusu dalili na kupimwa joto. Barakoa zikawa za lazima, na waliolazimika kusogeleana walivaa pia ngao za uso. Pazia za plastiki zilining'inizwa kati ya vituo vya kazi, meza za kantini zikatenganishwa, na kati ya zamu moja na nyingine ukawekwa muda wa kusafisha na kuzuia msongamano. Jambo moja lilibaki na mvutano: chama kilitaka watu wengi kadiri iwezekanavyo wapimwe virusi, kampuni zikapima wenye dalili, zikisema vipimo vya haraka na vya kuaminika havikutosha. Katika wiki ileile ya kufungua, Ford ilisimamisha kwa muda kiwanda chake cha Chicago na kile cha malori madogo cha Dearborn baada ya wafanyakazi kubainika kuwa na maambukizi. Eneo likasafishwa, waliokuwa karibu na wagonjwa wakapelekwa karantini, laini ikawaka tena. Huo ndio uliokuwa mwenendo wa miezi iliyofuata.

Asiye na chama hakuwa mikono mitupu kabisa. Sheria ile ya 1935 inawalinda wafanyakazi wawili au zaidi wanaochukua hatua kwa pamoja kuhusu hali ya kazi, wawe na chama au wasiwe nacho, na kundi linaloondoka kwenye laini kwa hofu ya maambukizi linaweza kuangukia humo. Taabu ni kwamba wengi hawaijui kinga hiyo, na anayefukuzwa kinyume chake husubiri miezi au miaka kabla shauri lake halijaisha. Upande wa serikali kuu, idara ya usalama kazini iliyoundwa chini ya sheria ya 1970 ilitoa miongozo tu. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, AFL-CIO, lilikwenda mahakamani kuilazimisha itoe kanuni ya dharura yenye nguvu ya sheria. Juni 2020 mahakama ya rufaa ya Washington ikakataa. Kanuni zilizokuwa na meno kiwandani, basi, zilitoka kwa gavana wa jimbo, kwa mwajiri mwenyewe, au katika mazungumzo na chama palipokuwa na chama.

Kusini mwa nchi hapakuwa na chama katika viwanda vingi vya kampuni za kigeni. Mercedes ilianza tena kazi karibu na Tuscaloosa, Alabama, mwishoni mwa Aprili. Hyundai ya Montgomery na BMW ya Spartanburg, Carolina Kusini, zilifuata tarehe 4 Mei. Nazo zilipima joto, zikagawa barakoa na kutenganisha vituo. Ukizitazama hatua zilizobandikwa ukutani, ni vigumu kutofautisha kiwanda cha Alabama na cha Michigan, na haingekuwa haki kusema kusini walipuuzia afya. Tofauti ilikuwa wiki mbili au tatu za kusubiri, pamoja na jambo lisilobandikwa ukutani: mtu anayeona barakoa hazitoshi au pazia limeng'oka ampelekee nani malalamiko, na nini kinamzuia bosi kumwandika jina.

Kisa kilichovuma kuliko vyote kilitokea California. Kiwanda cha Tesla cha Fremont kiliwahi kuwa ubia wa General Motors na Toyota kuanzia 1984 hadi 2010, na wafanyakazi wake walikuwa wanachama wa UAW. Chini ya Tesla, kikiwa na watu wapatao 10,000 mwaka 2020, hakikuwa na chama. Tesla ilichelewa kufunga mwezi Machi. Mwishoni mwa Aprili, mkuu wa Tesla, Elon Musk, aliziita amri za kukaa nyumbani za kifashisti mbele ya wawekezaji. Tarehe 9 Mei kampuni ikaishtaki Kaunti ya Alameda, ambamo Fremont imo, na tarehe 11 Musk akatangaza kwamba uzalishaji umeanza dhidi ya amri ya kaunti, na kama kuna wa kukamatwa, akamatwe yeye. Kaunti ikaafikiana na kampuni, kesi ikaondolewa. Musk aliwaambia wafanyakazi kwamba mwenye wasiwasi asijisikie kulazimika kuja. Ruhusa hiyo, kwa asiyekuja, haikuwa na mshahara, na hapakuwa na mkataba wowote wa kumhakikishia kwamba nafasi yake ingemngoja. Miezi minane nyuma, hakimu wa bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi alikuwa amekwisha kuamua kwamba Tesla ilivunja sheria katika kuwapinga wafanyakazi waliojaribu kuunda chama Fremont.

Ujerumani ilipita njia nyingine. Volkswagen ilifungua kiwanda cha Zwickau tarehe 23 Aprili na cha Wolfsburg siku nne baadaye, mapema kuliko Detroit, baada ya kampuni na baraza la wafanyakazi kukubaliana mpango wa hatua 100. Wakati laini zimesimama, serikali ililipa sehemu kubwa ya ujira uliopotea na ajira haikuvunjika. Sauti ya wafanyakazi, kumbe, inaweza kuharakisha ufunguzi pale inapoaminiwa.

Marekani, fedha za kukaa nyumbani ziliwagawa watu vibaya. Bunge liliongeza dola 600 kwa wiki juu ya malipo ya kawaida ya wasio na kazi hadi mwisho wa Julai 2020. Kiwango cha juu cha Michigan kilikuwa dola 362, kwa hiyo jumla ilifika 962. Mfanyakazi mpya wa General Motors aliyeanza na dola 17 kwa saa alipata 680 kwa wiki ya saa 40. Mkongwe wa zaidi ya dola 32 alikaribia 1,300. Kijana alipata zaidi nyumbani, mkongwe akapata pungufu, ingawa wanachama walikuwa pia na nyongeza ya kufidia ukosefu wa kazi ambayo UAW iliipata kwa Ford tangu 1955. Kwa jirani mwenye mgahawa uliofungwa, wote walikuwa wavivu wanaolipwa kulala, na lawama ikaangukia chama. Lakini dola 600 zilitoka kwa Bunge, na alizipata hata asiyewahi kukiona chama. Huko Mississippi, ambako kiwango cha juu cha jimbo kilikuwa dola 235, ndiko nyongeza ilikopindua hesabu zaidi.

Dharau kwa chama ina mizizi mirefu kuliko janga. Sheria ya 1947 iliruhusu majimbo kupiga marufuku mikataba inayomlazimu kila mfanyakazi kulipa ada, na majimbo ya kusini yaliikumbatia. Michigan yenyewe iliweka marufuku hiyo mwishoni mwa 2012, kisha ikaifuta 2023. Kufilisika kwa General Motors na Chrysler mwaka 2009 kuliwapa wakosoaji hoja kwamba chama ndicho kilichoua viwanda. Wafanyakazi wa Volkswagen mjini Chattanooga, huko kusini, walikikataa chama kwa kura 712 dhidi ya 626 mwaka 2014, na tena kwa 833 dhidi ya 776 mwaka 2019. Wa Nissan huko Canton, Mississippi, walikikataa kwa wingi zaidi mwaka 2017. Ndani ya chama pia kulikuwa na kinyongo. Tangu mkataba wa 2007 waajiriwa wapya walilipwa pungufu kwa kazi ileile. Halafu kulikuwa na aibu: tarehe 3 Juni 2020, wiki mbili baada ya viwanda kufunguliwa, rais wa zamani wa UAW, Gary Jones, alikiri mahakamani kutafuna fedha za ada, na mtangulizi wake Dennis Williams akakiri Septemba. Mwanachama aliyetakiwa kuamini kwamba chama kitamlinda dhidi ya virusi alikuwa akisoma magazetini kuhusu sigara za bei mbaya na gofu.

Hata hivyo maoni ya umma yalielekea upande mwingine. Kura za maoni za Gallup zilionyesha Wamarekani wanaounga mkono vyama vya wafanyakazi walikuwa asilimia 48 mwaka 2009, 65 mwaka 2020 na 71 mwaka 2022. Uanachama haukufuata: mwaka 2020 ni asilimia 6.3 tu ya wafanyakazi wa sekta binafsi waliokuwa katika vyama. Wanachama wa UAW walipiga kura mwaka 2021 kutaka wachague viongozi wao moja kwa moja, wakamweka Shawn Fain kuwa rais 2023, na Septemba mwaka huo wakazigomea kampuni zote tatu kwa pamoja, wakapata nyongeza ya asilimia 25 hadi 2028. Toyota, Honda na Hyundai, zisizokuwa na chama Marekani, zikapandisha mishahara haraka. Aprili 2024 Chattanooga ilikikubali chama kwa kura 2,628 dhidi ya 985. Mwezi uliofuata Mercedes ya Alabama, iliyokuwa imebadilisha mkuu wa kiwanda wakati kampeni ikiendelea, ilikikataa kwa 2,642 dhidi ya 2,045.