Vitamini D haizuii kisukari peke yake

Akina mama wengi wa mjini hushinda ofisini kutwa, na ngozi yetu nyeusi huhitaji kukaa juani muda mrefu zaidi ili mwili utengeneze vitamini D. Si ajabu basi kwamba wengi huambiwa wamepungukiwa. Lakini wapo wanaomeza tembe zake wakitumaini zitawakinga na kisukari.

Tumaini hilo lilipimwa Marekani. Katika utafiti wa D2d, uliotangazwa 2019, watu 2,423 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, karibu nusu yao wanawake, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilimeza yuniti 4,000 kila siku, jingine tembe zisizo na dawa. Baada ya takriban miaka miwili na nusu, waliougua kisukari walikuwa 293 katika kundi la vitamini na 323 katika lile jingine. Tofauti hiyo ni ndogo; huenda ilikuwa bahati tu. Tafiti tatu za aina hiyo zilipojumlishwa 2023, hatari ilionekana kupungua kwa asilimia 15.

Sasa linganisha na utafiti mwingine wa huko huko, wa 2002, ambao theluthi mbili ya washiriki walikuwa wanawake. Kula kwa kiasi, kupunguza uzani kidogo na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki kulipunguza hatari kwa asilimia 58. Na kutembea hakuuzwi dukani!

Tembe zikizidi, kalsiamu hujaa damuni, mtu akatapika na figo zikadhurika. Mama aliyewahi kupata kisukari akiwa mjamzito aombe kwanza kupimwa sukari, kabla ya kununua chupa.