Kanisa lililogeuka chumba cha upasuaji

Katika Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, mchoraji Mwingereza Stanley Spencer alitumika katika kikosi cha matibabu cha jeshi huko Makedonia, inchi ile ambako Paulo alihubiri. Mwezi wa Septemba 1916 majeruhi wengi waliletwa mahali paitwapo Smol. Mwaka 1919 Spencer alichora jambo hilo. Picha hiyo inatunzwa katika Imperial War Museum, London.

Ndani yake tunaona nyumbu, wazao wa punda na farasi, wakikokota machela, ndiyo vipoyi kama tunavyosema kwetu. Askari wamelala juu yake, wamefunikwa mablanketi. Mbele ni kanisa la zamani lililogeuzwa chumba cha upasuaji. Mle mna mwanga, na waganga wako kazini. Vichwa vya nyumbu vimeelekea kwenye mwanga huo.

Spencer hakukusudia kuonyesha vitisho vya vita, bali ukombozi: aliyeumizwa anafikishwa mahali pa kuponywa.

Jambo hili linatuhusu. Huku mashariki makanisa yetu yamepokea wakimbizi na majeruhi mara nyingi. Lakini wako wanaouliza kwanza: huyu ni wa kabila gani, wa upande gani? Msamaria wa Luka 10 hakuuliza; alifunga vidonda, akampandisha yule mtu juu ya mnyama wake. Kumtunza majeruhi si kuunga mkono bunduki yake. Basi mlango wa kanisa ubaki wazi kwa kila anayeletwa akiwa amebebwa.