'Tenant' wa Mwea si mpangaji wa nyumba

NENO la Kiingereza 'tenant' si geni kwa mkazi wa Mwea. Kuanzia Tebere hadi Thiba na Wamumu, mtu akitaka kueleza kwamba fulani ana shamba la mpunga ndani ya mradi wa unyunyizaji, husema tu kuwa ni 'tenant'. Mwanahabari naye huiwasilisha habari hiyo kwenye meza ya uhariri akiwa amelitafsiri neno hilo kuwa 'mpangaji'. Hapo ndipo maana hupotea.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mpangaji ni mtu aliyekodi chumba au nyumba. Hulipa kodi ya mwezi na huhama atakapo. Je, jina hilo lamfaa mkulima aliyerithi shamba kutoka kwa babake, katika mradi ulioanza miaka ya 1950 kwa jasho la mahabusu wa Mau Mau?

Tuanze na asili. Kiingereza kililipata neno hili kutoka Kifaransa cha kale, ambacho nacho kililitoa katika kitenzi cha Kilatini 'tenere', yaani kushika. Kwa hivyo 'tenant' ni mwenye kushika. Ndugu wa neno hili tunao katika Kiswahili: luteni, kwa asili, ni mshika nafasi ya mkubwa wake.

Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka wa 1066, ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya mfalme, na hata mabwana wakubwa walikuwa 'tenants' wake. Neno halikuwa la dharau, ila lilimkumbusha mtu kwamba juu yake yupo mwenye ardhi.

Fikra hiyo ililetwa Kenya na wakoloni. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1915 iliingiza ardhi walimoishi Waafrika katika mali ya Mfalme wa Uingereza, na mwaka wa 1921 Jaji Mkuu Jacob Barth akaamua kwamba Waafrika walikuwa 'tenants' wa Mfalme kwa hiari yake tu. Wakikuyu walikuwa na neno lao, 'muhoi', kutokana na 'kuhoya', yaani kuomba. Huyu alipewa mahali pa kulima na ukoo mwingine kwa misingi ya urafiki, bila kulipa kodi. Uamuzi wa Barth uliwafanya wenye ardhi kuwa kama wahoi, ilhali hawakuwa wameomba kitu kwa yeyote.

Huko Mwea, sheria haikumpa mkulima hata hilo jina la 'tenant'. Kanuni za miradi ya unyunyizaji za mwaka wa 1977 zilimtaja kama mwenye leseni. Tofauti ni kubwa. Katika sheria ya Kiingereza, 'tenant' ana haki ndani ya ardhi yenyewe kwa muda waliokubaliana, lakini mwenye leseni ana ruhusa tu ya kuwapo. Kanuni hizo zilimtaka alime yeye binafsi, amtii meneja na kuwasilisha mavuno kwa Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji. Mwaka wa 1998 wakulima walikataa kuipelekea bodi mpunga wao, na makabiliano na polisi yaliyofuata yaligharimu maisha. Sheria ya bodi hiyo ilifutwa na ile ya mwaka wa 2019.

Matumizi basi yawe haya. Anayekodi nyumba mjini Wang'uru ni mpangaji. Anayelima ndani ya mradi ni mkulima wa mradi, na habari ikihusu sheria, atajwe kulingana na hati aliyo nayo: mwenye leseni ikiwa ni leseni, mmiliki ikiwa ni hati miliki.

Hili si suala la ufundi wa lugha pekee. Kichwa cha habari kikisema 'Wapangaji wafurushwa', msomaji atadhani ni watu walioshindwa kulipa kodi. Kikisema 'Wakulima wapokonywa mashamba', atauliza ni nani aliyewapokonya, na kwa haki gani.