Maharage Mezani, Kemia Kichwani

Mzazi mwenzangu, majuzi binti yangu wa kidato cha pili alirudi na jaribio la kemia akiwa amepata 3 kati ya 10. Hakulia. Alisema tu kwamba akifika kidato cha tatu, wakati wa kuchagua masomo, kemia anaiacha. Hilo lilinishtua kuliko alama zenyewe.

Swali lililomwangusha lilihusu chumvi: eleza jinsi sodiamu na klorini zinavyoungana. Alijibu kwamba zinatumia elektroni kwa pamoja. Hiyo ni kweli kwa maji, lakini si kwa chumvi. Darasani anafundishwa kwa Kiingereza, nami nikaona tuzungumze Kiswahili chetu, jikoni.

Nikamwaga maharage mezani. Atomu ya sodiamu ina elektroni 11, kwa hiyo tukapanga maharage kwa miduara: 2 ndani, 8 yanayofuata, 1 nje peke yake. Klorini ina 17: 2, 8, 7. Atomu hizi hutulia zikiwa na 8 kwenye mduara wa nje. "Mwanangu, njia ya mkato ni ipi?" Akachukua lile harage la pembeni la sodiamu, akalisogeza kwa klorini. Sodiamu ikabaki na 2, 8. Klorini ikawa na 2, 8, 8.

Hapo akakwama, na nadhani wengi hukwama hapo. "Mama, sodiamu imepoteza, mbona inaitwa chanya?"

Elektroni ina chaji hasi. Ichukulie kama deni: ukiondolewa deni, hali yako inakuwa nzuri zaidi. Protoni 11 za sodiamu, zenye chaji chanya, ziko palepale katikati, ila elektroni sasa ni 10. Imezidi chanya moja. Klorini imebeba deni jipya, imekuwa hasi moja. Atomu yenye chaji namna hiyo huitwa ioni. Chanya na hasi huvutana, na mvutano huo ndio unaoishikilia chumvi.

Tena si ndoa ya wawili. Ndani ya chumvi kila ioni ya sodiamu imezungukwa na 6 za klorini, na kila ya klorini na 6 za sodiamu, pande zote. Ndiyo maana chumvi haiyeyuki kwa moto mpaka ifike nyuzijoto 801 hivi. Tulichukua chumvi ya mawe tukaigonga kwa mchi. Haikupinda kama waya, ilipasuka. Tabaka likisogea kidogo tu, chanya hukutana na chanya, zinasukumana.

Kilichomshangaza zaidi ni kwamba sodiamu peke yake ni metali inayolipuka ikitiwa majini, na klorini peke yake ni gesi ya sumu. (Kwa sababu hiyohiyo usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi hiyo.) Zikishapeana elektroni, tunatia kwenye mchuzi.

Jana nilimkuta mezani peke yake, maharage 12 upande mmoja na 17 upande wa pili. Magnesiamu, akaniambia, ina mbili za kutoa, na klorini moja inapokea moja tu.

"Mama, nipe mengine 17."